Taratibu Ashtakiwa kwa Mwendo Kasi

Hakuwa na kimo. Ili aione barabara vizuri ilibidi akalie mto. Hakuwa na nywele, na kinyozi jirani yake alikuwa akimlalamikia kwamba amemkosesha riziki makusudi. Hakuwa na cheti cha chuo chochote, kwa kuwa elimu yake aliipata jioni, baada ya kazi, katika darasa la watu wazima, mvi zikiwa zimekwisha kumwingia ndevuni. Hakuwa na mtoto wa kumrithi kazi. Mabinti zake wote wawili walisema kwamba kufundisha udereva ni kuitafuta presha kwa tochi mchana. Hakuwa na sauti ya kuimba, hakuwa na subira kwa mtu anayebamiza mlango wa gari, wala hakuwa na gari la pili. Na tena hakuwa na kosa hata moja la barabarani. Tangu ashike usukani hajawahi kusimamishwa akaandikiwa, na huko kukosa ndiko kulikokuwa utajiri wake.

Watu walimwita Taratibu kwa sababu neno hilo halikumbanduka mdomoni. "Taratibu, mama. Taratibu, kijana. Gari si mbuzi, huna haja ya kulivuta." Darasa lake lilikuwa gari dogo jeupe. Upande wa mwanafunzi kulikuwa na pedali tatu: klachi, breki na mafuta. Upande wa mwalimu kulikuwa na moja tu, breki ya kuokolea roho. Nyuma ya gari, juu kidogo ya namba, aliandikisha kwa rangi nyekundu maneno mawili: HAJAWAHI KUANDIKIWA. Mchoraji alimuuliza kama haogopi kujitafutia balaa. Taratibu akamjibu kwamba balaa humpata anayekimbia. Yeye hatembei hata kwa mwendo wa kulikuta.

Bahasha ililetwa asubuhi na tarishi, naye Taratibu akaifungua palepale mezani, mkewe akiwa anapanga vikombe kabatini. Akaisoma mara moja kwa macho matupu. Akavaa miwani, akaisoma tena.

"Kuna nini, baba watoto?" mkewe akauliza. "Mbona umekodoa macho kama umekuta nyoka ndani ya kiatu?"

"Wamekosea."

"Nani?"

"Serikali."

"Serikali haikosei anwani ikiwa na shida na wewe. Hebu lete." Akainyakua karatasi, akaanza kusoma kwa sauti. "Taarifa ya kusudio la kushtaki. Kwa mwenye gari lenye namba iliyotajwa hapo juu. Unaarifiwa kwamba gari lako lilinaswa na kamera katika mteremko wa Barabara ya Hospitali likiwa katika mwendo..." Akaitazama karatasi, akamtazama mumewe. "Mwendo kasi? Wewe?"

"Ndiyo maana nasema wamekosea."

"Wewe ambaye siku ya harusi ya binti yetu tulifika keki imeshakatwa?"

"Barabara ilikuwa na mashimo."

"Wewe uliyepitwa na baiskeli ya mama muuza mayai, tena akakupungia mkono?" Hapo mama watoto akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akashika ukingo wa kabati, vikombe navyo vikaanza kucheka pamoja naye. Taratibu akachukua karatasi yake, akaikunja kwa heshima, akavaa koti.

Nje, kinyozi alikuwa amesimama mlangoni kwake akikung'uta taulo. Kicheko cha mama watoto kilikuwa kimekwisha kuvuka ua, na habari nyuma yake.

"Haya, Taratibu!" kinyozi akaita. "Nasikia umeanza mashindano ya magari. Utatuambia basi siku ya kushindana, tuje tushangilie!"

"Nyoa watu, wewe."

"Nawanyoa. Ila leo naogopa kukaa karibu na barabara, usije ukanipitia kama umeme!"

Wawili hao walikuwa marika, na utani wao ulianza tangu ujana, kwa hiyo Taratibu hakukasirika. Lakini akiwa njiani alihisi kwamba kitu fulani kifuani kimelegea, kama skrubu ambayo mtu hajui ni ya wapi. Karatasi ile ilimtaka mwenye gari aeleze nani alikuwa dereva siku hiyo. Na chini yake, kwa herufi ndogo, kulikuwa na swali la pili lililowahusu walimu wa udereva peke yao: *Ikiwa gari lilikuwa katika mafunzo, je, mwalimu uliamuru au uliruhusu mwendo huo?*

Ofisi ya usalama barabarani ilikuwa chumba kirefu chenye kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya watu wenye visingizio. Nyuma ya kaunta alikaa sajini mmoja, mwanamke mwenye uso mpole na kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Sajini. Nimekuja kuwasaidia kurekebisha kosa lenu."

"Letu?"

"Lenu. Gari langu likiwa na mwendo huu, basi lilikuwa limebebwa na gari jingine."

Sajini hakubishana. Aliingiza namba kwenye kompyuta yake, akangoja, kisha akamgeuzia kioo. Taratibu akainama, akatazama. Picha ilikuwa safi kama ya pasipoti. Ilionyesha mteremko wa hospitali, ukuta wa hospitali, na matako ya gari dogo jeupe. Namba ilisomeka. Na juu ya namba, kwa herufi nyekundu ambazo mchoraji alizipaka kwa moyo wake wote, ilisomeka: HAJAWAHI KUANDIKIWA.

Karani aliyekuwa meza ya pili aliinuka ghafla, akatoka nje, na huko nje akasikika akikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

Sajini alikuwa ameuma midomo. "Mimi sicheki, mwalimu."

"Cheka tu, mwanangu. Ukikibana kitakuumiza mbavu."

Akacheka kidogo, kwa adabu, kisha akajifuta macho na kumsomea siku na saa. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Taratibu akaketi kwenye kiti cha wageni, kwa kuwa alikuwa amekumbuka.

Jumanne asubuhi lilikuwa somo la mkunga. Huyu alikuwa mwanamama wa makamo, mkunga wa zahanati ya mtaa wa pili, mwenye mikono mikubwa na kicheko kikubwa zaidi. Zahanati yao ilikuwa imepata gari dogo la kubebea wajawazito, lakini dereva wake alikuwa amestaafu na hakuletwa mwingine. Gari likakaa uani, kuku wakalifanya kivuli. Mkunga akasema kama ni hivyo ataliendesha mwenyewe. Aliomba leseni ya kujifunzia, akaja kwa Taratibu, na sasa mtihani wake ulikuwa unakaribia.

Jumanne hiyo walikuwa wanateremka mteremko wa hospitali, mkunga akiwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Ghafla akatokea mtu wa mkokoteni, mkokoteni umejaa magodoro hata yeye mwenyewe haonekani, akaanza kuvuka. Taratibu alikuwa na breki yake, lakini ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko mguu. "Kanyaga!" akapiga kelele. Gari likaruka mbele. "Kanyaga!" akapiga kelele tena, kwa uchungu zaidi, nalo gari likazidi kutii. Mtu wa mkokoteni akaona, akarudi nyuma na magodoro yake, wao wakapita kama upepo. Ndipo mguu wa Taratibu ulipoikuta breki. Walisimama chini kabisa ya mteremko, jasho likimtiririka mwalimu mpaka kwenye kola.

"Umeona nilivyomkwepa?" mkunga aliuliza, huku akihema.

Taratibu alimfokea. Alimwambia kwamba amechanganya pedali, kwamba mtu asiyejua mguu wake uko wapi hafai kujua mkono wake uko wapi, na mengine ya namna hiyo. Mkunga akaomba radhi. Wakaendelea na somo, na mwalimu akalisahau.

Sasa Sajini alimweleza utaratibu, akihesabu kwa vidole, bila haraka. Dereva kisheria ni yule aliyeshika usukani. Mwalimu si dereva. Lakini kama mwalimu ndiye aliyeamuru au aliyeruhusu, kosa linahamia kwake.

"Kwa hiyo, mwalimu, ukijibu kwamba hukuamuru, taarifa tunaiandika upya kwa jina la mwanafunzi. Leseni yake ya kujifunzia itafutwa, na ataomba nyingine baada ya mwaka. Ukijibu kwamba uliamuru, yeye ameondokana na kosa. Wewe utawekewa onyo kwenye jalada lako, na leseni yako ya kufundishia haitaongezwa mpaka urudie mtihani wa walimu."

"Nirudie? Na wale vijana wanaoanza kazi?"

"Na wale vijana. Na kama unaona hukutendewa haki kabisa, una ruhusa ya kubisha, utaitwa mbele ya hakimu."

"Na nisipojibu chochote?"

"Kutojibu ni kosa jingine."

Taratibu akajikuna kichwa chake kisicho na nywele. Wazo lilimpitia: aseme yeye ndiye aliyekuwa ameshika usukani, alikuwa peke yake garini, yaishe. Picha ilichukuliwa kwa nyuma, hakuna anayeonekana. "Na mtu akijibu uongo, lakini uongo wa heri?"

Sajini akaziweka kalamu zake mezani. "Karatasi haina nafasi ya heri, mwalimu. Uongo hapo ni kosa kubwa kuliko mwendo wenyewe."

Alitoka pale roho ikiwa imemtulia nusu. Jibu la kweli lilikuwa jepesi: hakuamuru. Aliamuru breki, mwanafunzi akakanyaga mafuta. Ingemuuma kumwandika mkunga, lakini sheria ni sheria, na mwaka mmoja si milele. Hivyo ndivyo alivyojiambia mara mbili au tatu, na mtu anayejiambia jambo moja mara tatu huwa bado hajasadiki.

Alasiri alikwenda kumchukua mkunga kwa somo lake. Hakuwasha gari. Alimweleza yote: taarifa, picha, swali. Mkunga alisikiliza huku akiikunjua na kuikunja tena aproni yake iliyokuwa mapajani.

"Niandike tu, mwalimu," akasema mwishoni. "Mguu ulikuwa wangu. Gari letu limekaa uani muda mrefu, litakaa tena. Kuku watafurahi."

"Samahani sana, dada yangu."

"Usijali. Ila nieleze kitu kimoja, maana siku ile ulikuwa umekasirika, sikuweza kuuliza. Kosa langu hasa lilikuwa nini?"

"Nilikwambia kanyaga!"

"Nami nikakanyaga."

"Ulikanyaga mafuta!"

"Sasa mwalimu, mtu akikwambia kanyaga, utakanyaga nini kingine? Nikajua umeona kwamba tukikimbia tutampita kabla hajafika katikati. Uliponiambia mara ya pili, nikasema huyu anaona sijakanyaga vya kutosha."

Taratibu akaelekeza kidole kwenye pedali ya kati. "Nilikusudia breki."

"Hukuitaja breki."

"Kila mtu anajua kwamba..." Akafungua mlango wa gari. "Ngoja hapa hapa. Usiguse kitu."

Alikwenda kwa miguu hadi kwa kinyozi, naye kinyozi alikuwa na watu wawili: mmoja kitini, amenyolewa upande mmoja na mwingine bado, na fundi viatu aliyekuja kupiga soga tu. Taratibu akasimama mlangoni.

"Nina swali."

"Kama linahusu nywele, umechelewa," kinyozi akasema.

"Nyamaza kidogo. Nyinyi nyote. Mko garini, mmeshika usukani. Mimi niko pembeni nawaambia: Kanyaga! Mtakanyaga nini?"

"Mafuta!" wakajibu kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza.

"Hata kama mbele kuna mtu?"

"Hasa kama nyuma kuna mtu," fundi viatu akasema. "Kama ananidai, nakanyaga mara mbili."

"Na breki je?"

Yule aliyenyolewa nusu akageuka, povu likiwa bado shavuni. "Breki haikanyagwi, mzee. Breki hufungwa. Mtu husema funga breki, shika breki. Kanyaga ni kanyaga twende!"

Kinyozi aliona uso wa rafiki yake, akapunguza sauti. "Kwani vipi, Taratibu?"

Vipi, ni kwamba Taratibu alikuwa na fahari moja ambayo hakuwahi kuiandikisha nyuma ya gari. Aliipenda lugha sanifu. Alipokuwa darasa la jioni, mwalimu wao aliwaambia kwamba mtu aliyesoma hujulikana kwa maneno yake, naye akalishika neno hilo kama kiapo. Kila mwanafunzi mpya aliyesema "funga breki" alikatizwa hapohapo. "Breki haina kamba, haifungwi. Mbuzi ndiye anayefungwa. Sema: kanyaga pedali ya breki." Na kwa miaka yote hiyo alikuwa akisema sentensi nzima, kwa ufasaha, bila shida. Jumanne ile hofu ilimeza nusu ya sentensi, na nusu iliyobaki ndiyo ambayo mji mzima, isipokuwa yeye, uliijua maana yake.

"Kumbe," akasema.

"Kumbe nini?"

"Kumbe nimemwambia mtu akimbie, halafu nikamfokea kwa kukimbia."

Kinyozi alitamani sana kusema jambo kuhusu nyani na kundule. Lilikuwa limeshamfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini alimfahamu rafiki yake, akalimeza. "Kaa basi unywe maji," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa huruma yake, na Taratibu aliielewa.

Alirudi garini. Mkunga alikuwa amekaa vilevile, mikono mapajani, hajagusa kitu.

"Kosa ni langu," Taratibu akasema kabla hata hajafunga mlango. "Nitaandika kwamba niliamuru."

"Hapana, mwalimu! Kwa umri wako urudishwe mtihanini? Watu watasema nini? Mguu ulikuwa wangu, na mguu sikuazimwa."

"Neno lilikuwa langu."

"Neno halikanyagi."

"Haya, tuseme hivi." Taratibu aligeuka kwenye kiti, akamtazama vizuri. "Wewe una kazi yako. Mama yuko kitandani, uchungu umemshika, amekusikiliza wewe tu. Unamwambia sukuma, na wakati wa kusukuma bado haujafika. Akasukuma, akaumia. Kosa la nani?"

Mkunga alitazama mbele, penye mtaa uliokuwa mtupu ila kwa mtu mmoja aliyekuwa akiosha ngazi za duka. Pumzi ndefu ikamtoka.

"Langu."

"Si la mama aliyesukuma?"

"Mama atajuaje? Mimi ndiye mkunga."

"Basi."

"Umenishika pabaya, mwalimu," mkunga akasema, akaanza kucheka kile kicheko chake mpaka viti vikatikisika. "Umenikamata kwa kazi yangu mwenyewe!"

"Washa gari. Leo tutateremka mteremko wa hospitali mara zozote utakazo, na ukinisikia nasema neno lolote zaidi ya *breki*, nipuuze."

Waliteremka. Mkunga alifunga breki, akashika breki, akaikanyaga, yote kwa mara moja na kwa ulaini, na mwalimu hakumsahihisha neno hata moja.

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa bado liko juu. Aliazima kwa kinyozi wembe mkuukuu, akachutama nyuma ya gari, akaanza kukwangua rangi nyekundu. Mchoraji alikuwa mtu wa haki. Rangi yake ilishikilia kama deni. Kufikia muda wa kuoga, Taratibu alikuwa amefaulu kuondoa neno la pili tu. Mama watoto alitoka nje kumwita, akasimama, akasoma kilichobaki.

HAJAWAHI.

"Sasa hapo ndipo panapo ukweli," akasema. "Tangu nikujue hujawahi mahali popote."

Taratibu akaitazama kazi yake, akaona kweli, akaanza kucheka. Alicheka akiwa amechutama vilevile, wembe mkononi, na mkewe akaketi kwenye kizingiti akacheka naye, na kinyozi upande wa pili akauliza kwa sauti kuna nini, wakashindwa kumjibu. Neno hilo lililobaki lilizunguka na gari mjini kutwa nzima ya kesho yake kabla halijapata wembe mwingine, na wanafunzi wote wakasema limewafaa zaidi.

Baada ya kuoga mkewe alimwekea chai mezani, akakaa mbele yake.

"Na huo mtihani?"

"Nini?"

"Unakuogopesha?"

Taratibu akafikiri. Alijua jibu ambalo angepaswa kutoa mtu wa heshima zake: kwamba ni fedheha mzee kukaa dawati moja na vijana wenye umri wa wajukuu. Alilitafuta jibu hilo moyoni, hakulikuta. Alichokikuta kilikuwa kitu kingine, kitu kama harufu ya chaki na daftari jipya.

"Kanuni zimebadilika tangu nilipofanya mimi," akasema. "Nasikia kuna kitabu kipya, kinene hivi. Kuna sura nzima ya njia za baiskeli."

"Umeshakinunua."

"Kiko ndani ya koti."

Mkewe akatikisa kichwa. "Wewe mzee hukuadhibiwa. Wewe umepewa zawadi." Akamvutia taa karibu, ingawa mwanga wa dirishani ulitosha, akasogeza kikombe pembeni ili meza iwe na nafasi.

Siku iliyofuata, kabla ya somo la kwanza, mkunga alikuja nyumbani kwao. Alikuwa amevaa nguo zake nyeupe za kazi. Taratibu alikuwa amekwisha kuandika barua kwa mkono, mistari imenyooka kama imepigwa rula, akamsomea:

*Kwa Mkuu wa Mashtaka, Usalama Barabarani. Nimepokea taarifa yenu na picha nimeiona. Gari ni langu. Usukani ulishikwa na mwanafunzi wangu, ambaye jina lake liko katika fomu niliyoiambatisha. Kuhusu swali lenu la pili, jibu ni: Ndiyo, niliamuru. Niliona mtu anavuka, nikataka gari lisimame, nikasema "kanyaga" bila kutaja cha kukanyaga. Mwanafunzi alilifahamu neno kama wanavyolifahamu watu wote niliowauliza, akatii upesi kama mwanafunzi mzuri anavyopaswa kutii. Sikukusudia, lakini niliamuru. Sitaki kwenda kwa hakimu. Nakubali onyo, na nitafanya mtihani.*

"Hiyo ya mwanafunzi mzuri pia ni kweli au ni ya heri?" mkunga akauliza.

"Karatasi haina nafasi ya heri."

Mkunga akaomba kalamu. Chini ya sahihi ya Taratibu akaandika, kwa mwandiko mkubwa unaolalia upande mmoja: *Mimi ndiye niliyekanyaga. Neno nililisikia mara mbili na nililitii mara mbili. Yaliyoandikwa hapo juu ni kweli.* Akatia sahihi yake. Mama watoto akaisoma yote kutoka mwanzo, akarekebisha koma moja ambayo mumewe alikuwa na hakika nayo, na Taratibu akaiacha irekebishwe.

Walikwenda posta wote watatu, mkunga akiwa ameshika usukani, mama watoto kiti cha nyuma akishikilia mkoba kwa mikono miwili na kusema mara kwa mara kwamba haogopi. Ndani palikuwa na foleni fupi. Taratibu alisema anataka barua iende kwa rejista, ili apate risiti. Akaikunja karatasi mara tatu, akaiingiza ndani ya bahasha pamoja na fomu, akailamba gundi, akaibonyeza kwa kidole gumba kutoka kona moja hadi nyingine, akaigeuza kuona kama imeshika. Karani akaipokea, akaipima, akaigonga muhuri, na kuitupa kwenye mfuko wa barua zinazoondoka mchana ule.